Pumu na alama za juu ya jeni

Nimesoma makala kuhusu pumu, na nimefurahi imeeleza wazi kwamba seli za njia ya hewa za mgonjwa wa pumu zina alama za epijenetiki (alama za kikemikali zinazoathiri jeni ipi ifanye kazi na ipi inyamaze) tofauti na za asiye na pumu. Watu wakisikia ugonjwa ni wa kurithi hukata tamaa mapema mno. Mbona mapacha wa kufanana wana DNA ileile, na bado mmoja anaweza kubanwa kifua usiku kucha na mwenzake akalala salama? Methili, yaani vikundi vidogo vya kikemikali ambavyo ni aina moja ya alama hizo, zikinata kwenye DNA, mara nyingi jeni iliyo karibu hunyamaza, ingawa maandishi yake hayajabadilika hata herufi moja. Mama mjamzito akivuta sigara, alama za moshi huo huonekana hadi kwenye damu ya kitovu cha mtoto.

Ninachotaka kujua ni kipi kilitangulia, alama hizi au pumu yenyewe. Huenda uvimbe wa miaka mingi kwenye njia ya hewa ndio uliozileta alama hizo, na kupima watu ambao tayari wanaugua hakutoshi kujibu. Tafadhali watafiti, wafuatilieni watoto tangu kuzaliwa, na sampuli zitoke puani au mapafuni kwenyewe. Damu ina seli nyingine kabisa, na alama zake ni nyingine.