Toa mazabodi kwanza, ndipo ufunge kipoza

Mtu akilaza kasha la kompyuta chini, mazabodi (ubao mkuu wa saketi) ikiwa bado ndani, tochi mdomoni, huku vidole vikipapasa pini za kipoza, kile kifaa cha kupoza prosesa, katikati ya msitu wa nyaya, namwonea huruma. Hajui kwamba kazi hiyo ataifanya tena kesho.

Kile kipoza kidogo cha duara kinachokuja na prosesa nyingi za Intel hushikiliwa na pini nne za plastiki. Unasukuma, inalia "tak", unaamini imeshika. Zangu tatu zilishika. Ya nne ilijikunja pembeni ya tundu, nami sikuiona. Kompyuta ikawaka bila kinyongo, ila kila nikiipa kazi nzito joto lilipanda hadi nyuzi 100, kasi ikaporomoka, feni ikavuma kama kinu. Nikailaumu pesti, ule uji wa kupitisha joto unaopakwa kati ya prosesa na kipoza. Nikaifuta, nikapaka nyingine. Nikafuta tena! Siku nilipoitoa mazabodi na kuigeuza ndipo nikaona: nyuma zimetokeza pini tatu tu.

Tangu hapo mabishano ya pesti hayaninyimi usingizi. Ipake kama punje ya mbaazi, msalaba au mstari, chagua upendacho. Tofauti ni ndogo mno. Kinachopoza ni bamba la kipoza kulala sawasawa juu ya prosesa, limebanwa kwa nguvu ileile kila pembe. Ndiyo maana kwenye vipoza vya skrubu, skrubu hukazwa kwa kupishana, kona hii kisha ile inayoikabili, kidogo kidogo. Ndiyo, makasha mengi yana uwazi nyuma ya soketi (kikalio cha prosesa), na kwa kipoza chepesi huenda ukatosha. Mimi bado naitoa mazabodi. Ni skrubu chache na nyaya za kuchomoa, basi.

Kuvua kipoza nako kuna mtego wake. Kwenye soketi ya AM4 ya AMD pini ziko kwenye prosesa yenyewe, na pesti ya zamani hukauka ikashika kama gundi. Ukivuta juu kwa pupa, prosesa hung'oka pamoja na kipoza ingawa komeo la soketi limefungwa, na pini zikipinda ni kilio. Iache kompyuta ifanye kazi dakika kadhaa ipate joto, izime, chomoa umeme, kisha zungusha kipoza kushoto na kulia taratibu mpaka kiachie chenyewe. AM5, soketi iliyofuata, imeondoa hofu hiyo: pini zimehamia kwenye soketi na prosesa imebanwa na fremu ya chuma.

Kabla ya kununua, shika rula. Kipoza cha Noctua NH-D15 kina kimo cha milimita 165, na si kila kasha litafunga ubavu wake juu ya mnara huo. Matundu ya kufungia kipoza kwenye soketi ya Intel ya LGA 1700 nayo yamepishana milimita 78, wakati ya LGA 1200 ni 75, kwa hiyo vishikizo vya zamani huenda visiingie.

Halafu ile karatasi ya plastiki chini ya bamba, ibandue. Usiniulize nimejuaje.