Nyota wa besiboli wakitundika daluga: nani anafaa kuwa kocha?

Mchezaji mkubwa wa besiboli akitundika daluga Marekani, hakawii kuulizwa atarudi lini kama kocha. Swali hilo limebeba imani ya siku nyingi kwamba aliyefanya ndiye ajuaye kufundisha. Upande wa pili nao umepata nguvu sana miaka hii: klabu zinawapa nafasi kwenye benchi la ufundi watu ambao hawajawahi kulipwa hata senti kwa kucheza. Pande zote mbili zina hoja nzito. Ninachowalaumu ni kulikwepa swali lililo kubwa zaidi: huyu mtu, awe nyota au asiwe nyota, amejifunzia wapi ukocha?

Tumchukue Ted Williams, maana mfano wake hutumiwa na pande zote. Mwaka 1941, akiwa na Boston Red Sox, alimaliza msimu kwa wastani wa upigaji wa 0.406, yaani katika kila mara 10 alizosimama kupiga alifanikiwa 4. Tangu hapo hakuna mchezaji wa American League wala National League, ligi mbili zinazounda ligi kuu ya Marekani, aliyefika 0.400. Mwaka 1969, bila kuwahi kuongoza timu yoyote, alikabidhiwa Washington Senators, klabu ambayo tangu ianzishwe mwaka 1961 haikuwa imemaliza msimu hata mmoja ikiwa na ushindi mwingi kuliko vipigo. Msimu wake wa kwanza walishinda mechi 86 na kupoteza 76, naye akachaguliwa kocha bora wa American League.

Ukitazama mchezaji mmoja mmoja, unaona kazi yake. Eddie Brinkman, aliyekuwa hodari wa kuzuia lakini dhaifu akishika gongo, alitoka wastani wa 0.187 hadi 0.266. Frank Howard, jitu la futi 6 na inchi 7, alikuwa na tabia ya kuvurumisha gongo kwa kila mpira uliomjia. Williams alimfunza kusubiri mpira unaofaa na kuiacha mibovu ipite. Katika besiboli, mrushaji akikosea mipira minne mpigaji huenda kituo cha kwanza bure. Howard alipata zawadi hiyo mara 54 mwaka 1968. Mwaka uliofuata akaipata mara 102. Hayo ni mafundisho, tena ya kiwango cha juu.

Hata hivyo, haki itendeke. Mwaka huohuo wa 1969 ligi ilishusha kilima anachosimama mrushaji kutoka inchi 15 hadi 10, ikapunguza pia eneo halali la kurushia mpira, kwa hiyo wapigaji wa kila timu walipata nafuu. Nafuu hiyo inaeleza sehemu ya kupanda kwa Senators, japo haielezi Howard kukaribia kuzidisha hesabu yake maradufu. Baada ya hapo mambo yaliporomoka: ushindi 70, kisha 63, na mwaka 1972, timu ilipokuwa imehamia Texas, ushindi 54 na vipigo 100. Williams akaondoka.

Ninavyomsoma mimi, Williams alifundisha vizuri kile ambacho maisha yake yote alikuwa amekichambua na kukiweka katika maneno, nacho ni upigaji. Kuongoza timu ni mengi zaidi ya hapo. Kuna kupanga warushaji kwa mechi 162 za msimu, kuamua nani apumzike, na kumvumilia kijana ambaye macho na mikono yake havitafika kamwe vilipofika vya mwalimu wake. Kwenye mambo hayo hakuwa amepita shule yoyote.

Sasa mtazame Charley Lau. Alikuwa mdakaji, yaani mchezaji anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kudaka mipira ya mrushaji; wastani wake wa maisha ulikuwa 0.255, na wengi wasingemkumbuka leo kama angeishia kwenye kucheza. Alipokuwa kocha wa upigaji wa Kansas City Royals alimchukua kijana George Brett, ambaye mwaka 1974 alikuwa akihangaika, akamjenga upya kuanzia anavyosimama mpaka anavyohamisha uzito wa mwili. Brett alikuja kufikisha 0.390 mwaka 1980, na hakuacha kumtaja Lau kama mtu aliyemtengeneza. Lau alilazimika kutafuta kwa akili kile ambacho mwili wake haukumpa bure, na mtu wa namna hiyo huwa na maneno ya kumpa mwenzake.

Orodha ya makocha wakuu inaunga mkono jambo hili. Sparky Anderson alicheza msimu mmoja tu katika ligi kuu, kwa wastani wa 0.218, halafu akatwaa ubingwa mara tatu na timu mbili tofauti. Tommy Lasorda, aliyeipa Dodgers ubingwa mwaka 1981 na 1988, hakuwahi kushinda mechi hata moja ya ligi kuu akiwa mrushaji. Tony La Russa hakufikisha hata wastani wa 0.200. Bruce Bochy, bingwa mara nne, alikuwa mdakaji wa akiba. Wadakaji ni wengi mno katika kazi hii, na sababu iko uwanjani: mdakaji ndiye pekee anayecheza akiwa ameelekea wenzake wote, na kila mpira unaorushwa hupitia kwenye ishara zake. Anauongoza mchezo kwa miaka kabla hajaitwa kocha.

Je, ina maana uzoefu wa uwanjani hauna thamani? Hapana, na hapa watetezi wa kompyuta, wanaoamini vipimo kuliko uzoefu, wananikera. Tangu mwaka 2015 kila uwanja wa ligi kuu una mitambo ya Statcast inayopima kasi ya mpira na mizunguko yake, ambayo mara nyingi huzidi 2,000 kwa dakika. Vipimo hivyo vimewafungulia mlango watu makini ambao njia ya zamani ingewaacha nje. Rachel Balkovec, mwanamke aliyetokea softiboli na masomo ya sayansi ya mwili, aliongoza Tampa Tarpons mwaka 2022 na kuwa mwanamke wa kwanza kuongoza timu iliyo chini ya klabu ya ligi kuu. Nalipongeza hilo kwa moyo wote. Lakini mpigaji akikosa mara 20 mfululizo mwezi Agosti, mwili umechoka na mashabiki wanazomea, anamhitaji mtu aliyewahi kusimama pale pale. Na kijana wa miaka 17 kutoka Jamhuri ya Dominika, aliyefika Marekani bila Kiingereza, ananufaika sana na mchezaji mstaafu wa kwao anayemweleza jambo kwa Kihispania kabla halijawa kosa.

Kinachoniudhi ni njia ya mkato. Mike Matheny alikabidhiwa St. Louis Cardinals msimu wa 2012 bila kuwahi kuongoza timu ya kulipwa. Alifika fainali ya 2013, kisha kibarua kikaota nyasi mwaka 2018. Aaron Boone alitoka kwenye utangazaji wa televisheni moja kwa moja hadi New York Yankees, mwisho wa 2017. Kwa haki yake, alishinda mechi 100 msimu wa kwanza na kufika fainali ya 2024. Japani nako, Shigeo Nagashima alistaafu mwaka 1974 na msimu uliofuata akawa kocha wa Yomiuri Giants. Timu ikashika mkia kwa mara ya kwanza katika historia yake, ingawa miaka miwili iliyofuata alitwaa taji la ligi. Njia ya mkato huweza kufika. Gharama yake hulipwa na wachezaji wanaotumiwa kama darasa la kocha.

Tena njia hiyo haijawahi kuwa wazi kwa wote. Frank Robinson alikuwa mchezaji bora wa National League mwaka 1961 na wa American League mwaka 1966. Kwa jina hilo, mzungu angeitwa tu. Robinson alianza kuongoza Santurce, Puerto Rico, katika ligi ya majira ya baridi, huku bado akicheza Marekani, mpaka klabu ya Cleveland ilipomfanya kocha mkuu wa kwanza mweusi wa ligi kuu mwaka 1975. Miaka 12 baadaye Al Campanis, kiongozi wa Dodgers, alisema kwenye televisheni kwamba huenda watu weusi wamepungukiwa na sifa za kazi hiyo, akapoteza nafasi yake ndani ya siku chache. Mwaka 1989 Robinson alikuwa kocha bora wa American League akiwa na Baltimore Orioles, timu ambayo msimu uliotangulia ilianza kwa vipigo 21 mfululizo.

Kwa hiyo ningependa klabu zifanye kwa hiari kile ambacho Robinson alikifanya kwa kubanwa: nyota apewe kwanza timu ya ligi za chini, misimu miwili au mitatu ya safari ndefu za basi, akifundisha vijana ambao wengi wao hawatafika ligi kuu. Mtaalamu wa takwimu naye apelekwe huko huko, akae kwenye benchi lile lile.