Menko ya Oh na Selotepu ya Muuzaji

Sijui ni nani aliyewafundisha baadhi ya wauzaji wa kadi za besiboli za Kijapani kwamba kadi hufungwa kwa selotepu. Juzi nilipokea menko ya miaka ya 1960 ya Sadaharu Oh, nyota wa besiboli ya Japani; menko ni zile kadi nene ambazo watoto wa Japani walizibamiza chini ili kuipindua kadi ya mwenzao, na ndiyo maana kuipata yenye pembe zisizochakaa ni bahati ya mtende. Yangu ilikuwa hivyo, ila muuzaji aliizungushia selotepu juu kwa juu, bila hata kimfuko cha plastiki. Nilipoibandua, taratibu kama mtu anayetoa mwiba, iliondoka na ngozi ya upande wa nyuma, pale penye alama ya mkono ya mchezo wa jiwe, karatasi na mkasi, pamoja na nusu ya namba. Nilipomlalamikia, alinijibu kwa upole kwamba kadi ya umri huo haiwezi kuwa mpya. Mpya nani aliitaka? Nilitaka nzima, kama ilivyokuwa kwenye picha aliyoipiga mwenyewe.