Bondia akikubali yaishe katikati ya pambano, tumzomee au tumwelewe?

Bondia akigoma kuendelea, hata glavu hazijavuliwa mashabiki washagawanyika, hawa wanasema mwoga huyo kala hela za bure, wale wanasema jamani mwacheni mtu na uhai wake. Pande zote zina hoja ila kwangu hazina uzito sawa.

Tuanze na wenye hasira maana wanasemwa sana kwamba hawana utu. Ngumi za kulipwa zinauzwa kwa ahadi, kwamba hawa wawili watapigana mpaka mmoja ashindwe kweli. Sasa chukua bondia Roberto Durán, Novemba 1980 pale New Orleans, raundi ya 8 anampa mgongo Sugar Ray Leonard na kumpungia refa mkono kwamba basi. Hakuwa ameangushwa hata mara moja, uso mzima, na kwenye kadi za majaji alikuwa nyuma kwa pointi moja mbili tu! Raundi ya 7 Leonard alikuwa anamchezea, anazungusha mkono wa kulia kama anataka kurusha bonge la ngumi halafu anamdokoa usoni na wa kushoto, watu wanacheka. Baadae Durán akasema tumbo lilimkaza. Wengi hawakumuamini na mimi siwalaumu, ukimpenda mtu kwa ugumu wake halafu akaondoka hivyo inauma, na pamoja na kwamba 1983 alirudi akabeba mkanda mwingine bado watu wakitajiwa jina lake wanaikumbuka raundi ile.

Shida ni kwamba tunawapima wote kwa kipimo cha Durán. Oktoba 2000 Andrew Golota aligoma baada ya raundi 2 na Mike Tyson, kocha wake anamlazimisha arudishe kinga ya meno mdomoni yeye hataki, akatoka anamwagiwa vinywaji na mashabiki mpaka anaingia ndani. Hospitali wakamkuta kavunjika mfupa wa shavu na shingo imeumia. Sasa yule aliyemrushia kikombe angejuaje? Asingejua, na hapo ndipo hoja ya wenye hasira inapopungua nguvu, kwa sababu mfupa uliovunjika ndani hauonekani kwenye tv na sisi hukumu tunaitoa palepale, taarifa ya daktari inakuja wakati mtu kashachafuliwa jina.

Kuna wanaosema hata mabondia wanamponda mwenzao anayeacha, na wao wanajua maumivu. Kweli, Daniel Dubois alipopiga goti raundi ya 10 mbele ya Joe Joyce Novemba 2020 na kuacha refa ahesabu mpaka 10, yaani kakubali kushindwa, walioongoza kumsema walikuwemo mabondia wenyewe, kwamba bingwa hafanyi vile. Mimi hilo nawaheshimu ila sikubaliani nalo, maana mfupa unaoshikilia jicho ulikuwa umevunjika, na jicho likifa halina marudiano. Dubois huyohuyo Septemba 2024 alimlaza Anthony Joshua raundi ya 5 Wembley. Angekomaa siku ile kwa ajili yetu sijui kama tungeiona hiyo.

Na kuna upande wa pili ambao wanaozomea hawautaji kabisa, wa bondia anayekataa kuacha. Julai 2019 Maxim Dadashev anakaa kwenye kona baada ya raundi ya 11, kocha wake Buddy McGirt anambembeleza wasimamishe pambano, yeye anatikisa kichwa hapana, anabembelezwa tena, hapana, mpaka McGirt akaamua mwenyewe kusimamisha. Siku chache baadae alifariki kwa jeraha la ubongo, miaka 28. Bondia analelewa tangu gym aone kuacha ni aibu kuliko kuumia, na kelele zetu zinaongeza humohumo.

Kwa hiyo hasira ya shabiki siikatai, ila naona inaenda kwa mtu asiye sahihi. Siku ya Dubois jicho la kushoto lilikuwa linavimba raundi baada ya raundi, watu wote wanaona, mpaka likaziba, na bado kila kengele ikilia kona yake, yaani kocha na wasaidizi wake, inamrudisha ulingoni, ikabidi kijana aamue peke yake huku anapigwa. Waliokuwa kwenye ile kona walikuwa wanasubiri nini?