Vita vya Shela na Ujumbe wa Maskati

Vita vya Shela, vilivyopiganwa karibu mwaka 1812, husimuliwa barazani Lamu kama habari ya ushujaa, wala si uongo: Waamu waliyashinda majeshi ya kisiwa jirani cha Pate na ya Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, yaliyoshuka Shela, kijiji kilicho karibu na Lamu, kuja kuutwaa mji. Hata hivyo vilikuwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, watu wa lugha moja na dini moja waliooleana, wakigombania nani atawale biashara ya visiwa hivi.

Mapigano yenyewe yaliamuliwa na maji. Wavamizi waliposukumwa hadi ufuoni walikuta bahari imekupwa na vyombo vyao vimelala ubavu mchangani. Na nahodha yeyote anajua kwamba jahazi lililopwelewa halisukumwi kwa mikono, hata wawe watu mia. Wengi waliuawa papo hapo.

Kinachobishaniwa ni kilichofuata. Kwa kuhofia kisasi, wakuu wa Lamu walipeleka ujumbe Maskati kwa Sayyid Said, mtawala wa Oman, naye akawaletea liwali na askari, na ngome iliyokamilika mwaka 1821 ingali katikati ya mji. Wanaoutetea uamuzi huo husema kwamba mji mmoja usingeweza kuwakabili Pate na Mombasa kila mwaka, na kwamba chini ya ulinzi huo biashara ya boriti na pembe ilinawiri. Wanaoulaumu husema kwamba mlango uliofunguliwa Lamu haukufungika tena: Pate ilifuata, kisha Mombasa ikaanguka mwaka 1837.

Mimi siwatwishi Waamu lawama peke yao. Wamazrui nao walikuja pwani hii kama maliwali wa Oman, na mwaka 1824 walipandisha bendera ya Uingereza Mombasa ili kumzuia Sayyid huyo huyo. Hoja inayonipa shida ni Siyu, mji wa kisiwa cha Pate uliokataa utawala wake, ambako amiri wa Sayyid Said aliuawa mwaka 1845 na jeshi lake likarudi limevunjika. Basi kukataa kuliwezekana? Siyu huingiwa kwa mkondo mwembamba ndani ya mikoko, tena maji yakijaa tu; bandari ya Lamu ina kina na imekaa wazi, na njia ile ile iliyoleta majahazi ya biashara ndiyo ambayo merikebu za vita zingepita.