Wosia eti ni mambo ya wazee? Mwenye mtoto wa chekechea ndo anauhitaji leo

Juzi kazini tuliambiwa kila mtu apitie taarifa zake za mafao ahakikishe ziko sawa, mi nikafungua ile fomu nikijua ni kazi ya dakika mbili nirudi kwenye mambo yangu, kumbe nakutana na jina la kaka yangu limekaa pale peke yake, mnufaika, asilimia 100. Niliijaza nikiwa na miaka 24, sina mke, sina mtoto, sina hata kitanda cha maana. Leo nina mke na watoto wawili, na miaka 11 yote hiyo ningedondoka ghafla basi pensheni na bima ya kazini vingemfuata kaka. Nampenda sana kaka yangu ila hela kwake haijawahi kulala siku mbili, na mwenyewe anajua. Nilicheka, nikampigia akacheka kuliko mimi, akaniambia "mdogo wangu usibadilishe bana, acha hivohivo." Jioni nikamsimulia mke wangu. Yeye hakucheka.

Kilichonitisha ni kwamba kichwani nilikuwa na mpango wangu, kwamba siku moja nitaandika wosia nimwachie mke na watoto kila kitu na yataisha. Yasingeisha. Fomu ya bima ya maisha au ya pensheni haisubiri wosia, sehemu nyingi jina lililoko pale ndo linalipwa moja kwa moja hata kama wosia wako unasema vingine na uliusaini mbele ya mashahidi kumi. (Kuna nchi ambako huyo mtu anapokea tu kwa niaba ya warithi halafu wanagawana, kwahiyo uliza yako ikoje, usibahatishe.) Marekani kuna kesi ilifika mpaka Mahakama ya Juu ikaamuliwa mwaka 2001, jamaa kaachana na mkewe, miezi miwili na ushee baadae akafa kwa ajali ya gari, kwenye fomu za kazini jina la yule mke bado liko. Watoto wa ndoa yake ya kwanza wakadai, na jimbo lao lilikuwa na sheria kabisa inayosema talaka inafuta jina la mtalaka kwenye fomu kama hizo, lakini mahakama ikasema mafao ya kazini yanaongozwa na sheria ya taifa na hiyo inaangalia fomu imeandikwa nini. Hela ikaenda kwa mtalaka. Na huyo jamaa hakuwa mzembe kuliko mimi na wewe, maana miezi miwili baada ya talaka nani anakumbuka fomu ya kazini?

Sasa maoni yangu ni haya na najua kuna watu watanibishia. Sisi tukisikia mirathi tunawaza mali, nyumba, kiwanja, gari, nani apewe nini, ndo maana mtu wa miaka 30 anakwambia "mi wosia wa nini, nina nini cha kurithisha?" Mi naona swali la mali ni la pili. La kwanza ni la watu: nani atalea, nani atashika hela, nani atasaini nikiwa siwezi kusaini. Na ukiliweka hivo, anayehitaji wosia kwa haraka kuliko wote sio mzee wa miaka 75 ambaye watoto wake wana watoto, ni yule baba au mama mwenye mtoto wa miaka mitatu ambaye hata nyumba anapanga.

Fikiria tu. Wewe na mwenzio mmetoka pamoja hamjarudi. Mtoto anaenda kwa nani? Usiseme "si ndugu wapo", hao ndugu wapo wengi na kila mmoja ana hoja yake, bibi mzaa mama anasema kwangu, shangazi anasema damu yetu, na mtoto katikati. Wosia ndo sehemu ya kawaida ya kuandika jina la mlezi. Mahakama nyingi si lazima zilifuate moja kwa moja maana zinaangalia maslahi ya mtoto kwanza, ila jina aliloandika mzazi mwenyewe lina uzito ambao hakuna shangazi atakuwa nao. Na weka jina la akiba, maana huyo wa kwanza anaweza kuumwa, kuhama, au kukataa, kwahiyo muulize kabla! Kuna watu wameandikwa walezi na hawajui mpaka leo.

Halafu kuna hela za huyo mtoto. Mtoto mdogo hawezi kushika mali mwenyewe, lazima awepo mtu mzima wa kuisimamia, na usipomtaja wewe atatajwa na wengine. Hapa mi nina msimamo: mlezi na mshika hela wasiwe mtu mmoja kama unaweza. Anayejua kubembeleza mtoto usiku sio lazima ajue hesabu, na anayejua hesabu akijua kuna mtu anamuuliza anakuwa makini zaidi. Sehemu nyingi pia mtoto akifika miaka 18 anakabidhiwa chake chote kwa mkupuo, we jikumbuke ulivyokuwa na miaka 18 uambiwe chukua. Ndo maana watu wanaweka trasti, yaani hela inashikwa na msimamizi kwa masharti uliyoweka wewe, ada inalipwa, matibabu yanalipwa, iliyobaki anapewa kidogokidogo mpaka umri uliosema. Watu wanadhani trasti ni ya matajiri, kumbe hata bima ya maisha ya kawaida ikilipwa kwa mtoto wa miaka sita inahitaji mtu wa kuishika.

Na ukishaandika usiufungie kabatini ukasahau, kwasababu wosia nao unazeeka. Heath Ledger, yule muigizaji, aliandika wa kwake 2003, binti yake akazaliwa 2005, yeye akafariki Januari 2008 akiwa na miaka 28. Wosia unataja wazazi na dada zake, mtoto hayumo, maana ulipoandikwa mtoto hayupo duniani. Familia yake iliamua wenyewe kumpa mtoto kila kitu, na mi nawavulia kofia. Ila jiulize kwenu wangefanya hivo wangapi.

Kwa nyie ambao hamjaoa wala kuolewa sina mengi, sahihisheni hizo fomu, basi. Ila kama unaishi na mtu bila ndoa hapo kaa chini tuongee. Sheria inatambua karatasi, haijui mlipendana kiasi gani. Stieg Larsson, mwandishi wa Uswidi, alifariki 2004 bila wosia halali, alikuwa ameishi na Eva Gabrielsson zaidi ya miaka 30 lakini hawakufunga ndoa. Mali yake na haki za vitabu vikaenda kwa baba yake na mdogo wake wa kiume, vitabu vikaja kuuzwa kwa mamilioni duniani kote na yule mama hakuwa mrithi. Miaka 30! Karatasi moja na mashahidi wawili ingemaliza. Na hao mashahidi wasiwe watu unaowarithisha, maana sehemu nyingi shahidi ambaye pia ni mrithi anaweza kupoteza alichoachiwa au akauletea wosia mzima matatizo.

Mnaofika miaka 40 na 50 mambo yenu ndo magumu kuliko wote, mna watoto bado wanasoma na wazazi wanaumwa, na wengine mko kwenye ndoa ya pili. Hapo kuna kitu kidogo kinaumiza sana: nyumba ya majina mawili. Majina mawili kwenye hati yanaweza kumaanisha vitu viwili tofauti kabisa, kuna aina ambayo mmoja akifa aliyebaki anachukua yote hapohapo na wosia hauigusi, na kuna aina ambayo kila mtu ana fungu lake na fungu la marehemu linaenda kwa warithi wake. Sasa mwanaume ana watoto wa ndoa ya kwanza, kaandika nyumba na mke wa pili kwa ile aina ya kwanza, moyoni anajua watoto wake watapata nusu, kafa, watoto hawana kitu na mke mdogo hajaiba chochote, sheria ndo imempa. Ugomvi wa miaka kwasababu ya neno moja kwenye hati ambayo hakuisoma. Nendeni mkaisome.

Sheria zenyewe hazifanani pia, usikopi wosia wa mtu wa nchi nyingine uliouona mtandaoni. Ufaransa huwezi kumnyima mwanao kirahisi, ukiwa na mtoto mmoja nusu ya mali ni yake kisheria upende usipende, wakiwa wawili ni theluthi mbili, watatu na kuendelea robo tatu. Waislamu nao wana mafungu yao ya mirathi yaliyokwisha pangwa, na wosia hauvuki theluthi moja. Hata usipoandika kitu sheria imeshakuandikia wosia wako kimyakimya, tatizo haikujui. Prince, yule mwanamuziki wa Marekani, alifariki 2016 bila wosia, mirathi ikamalizwa 2022, na wawili kati ya ndugu zake waliokuwa wanasubiri mgao walikuwa wameshafariki.

Kwa wazee wetu tunakosea kwingine. Tunasubiri kifo, wakati kinachokuja kwanza mara nyingi ni ugonjwa. Shangazi yangu alipata kiharusi, yu hai, anatutambua, lakini mkono hauandiki na maneno hayatoki, na hela yake ya matibabu iko benki kwenye akaunti yake mwenyewe na hakuna wa kuitoa. Benki (jina silitaji) haikuwa na kosa, watampaje mtu mwingine hela ya mteja aliye hai? Na wosia alikuwa nao vizuri tu, ila wosia unaanza kazi ukishakufa. Alichokosa ni hati ya uwakilishi, ile ya kumruhusu mtu asaini kwa niaba yako, na iwe imeandikwa wazi kwamba inaendelea hata akili ikipotea, maana za kawaida sehemu nyingi zinakatika hapohapo unapozihitaji. Inaandikwa ukiwa na akili timamu, ukishachelewa umechelewa, inabaki kwenda mahakamani ateuliwe msimamizi. Sisi tulizunguka miezi mitano, tukachanga matibabu mifukoni mwetu huku hela yake iko palepale imekaa. Na ujue hiyo hati nayo inakufa siku mwenyewe anapokufa, usije ukaenda nayo benki kesho yake ukadhani bado una ruhusa.

Kingine ni kupatikana kwa makaratasi yenyewe. Aretha Franklin, yule mwimbaji wa Marekani, alifariki 2018, wakadhani hana wosia, mwaka uliofuata wakakuta maandishi yake ya mkono nyumbani, mengine kwenye kabati lililofungwa na mengine kwenye daftari chini ya mito ya kochi, watoto wakashitakiana mpaka Julai 2023 ndo baraza la mahakama likasema la kwenye kochi la 2014 ndo wosia halali. Mi baba yangu mdogo alipofariki tulipekua masanduku mawili tukakuta risiti ya redio aliyonunua kabla sijazaliwa, hati ya kiwanja hatukuiona. Ungekuwepo ukurasa mmoja tu, akaunti iko wapi, hati iko wapi, nadaiwa na nani namdai nani, simu inafunguliwaje, tungepona. Paswedi usiziandike ndani ya wosia wenyewe, sehemu nyingi wosia ukishafika mahakamani unasomwa na yeyote.

Basi, fomu nimebadilisha, kaka kapewa taarifa na anasema amefilisika. Wosia tumeanza kuuandika mimi na mke wangu Jumapili baada ya watoto kulala. Mshika hela tulimpata ndani ya nusu saa. Mlezi wa akiba tukampata. Mlezi wa kwanza, mke wangu anasema dada yake, mi nasema dada yangu, ni wiki ya tatu sasa na pale kwenye jina bado pako wazi.