Kimataifa wa Machomanne

Hapa Chake Chake wapo watu wengi wasiolijua jina nililoandikishwa skuli, lakini ukimwuliza kinyozi yeyote kuanzia Machomanne hadi Wawi kwamba Kimataifa anakaa wapi, utapewa mtoto wa kukufikisha mpaka mlangoni. Jina hilo nililipata kwa haki. Kwa muda wa miezi mitano nilikuwa mchezaji wa kimataifa wa mashindano ya kutembea kwa kasi, ila sikuwahi kuvuka bahari kwa ajili ya mchezo huo, na mara ya mwisho nilipokuwa nikiongoza mashindano nilikuwa nimejifungia ndani ya choo cha msikiti.

Mambo yalianza Agosti 2022, siku ambayo Emily Ngii wa Kenya alipata medali ya shaba ya kutembea mita 10,000 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Birmingham. Nilimwona barazani, kwenye simu ya jirani. Wakenya tumewazoea wakikimbia, na yule alikuwa anatembea tu, tena kwa miguu miwili kama sisi, halafu anavishwa medali. Baadaye nikafahamu kwamba mwenzake, Samuel Gathimba, alikwishapata shaba ya kilomita 20 huko Gold Coast mwaka 2018. Nikasema moyoni kwamba huu ndio mchezo wangu. Mtu mzima wa Pemba hakimbii njiani, maana akikimbia ataulizwa nani kafa, lakini kutembea hakuna anayetuweza. Wiki ile ile nikaenda kupiga picha za pasi ya kusafiria, ili mwito ukija usinikute sijajitayarisha.

Kanuni za mchezo huu ni mbili, na ukizisoma umekaa kwenye kiti huoni ugumu wake. Ya kwanza, mguu mmoja lazima uwe unagusa ardhi wakati wote, kwa kadiri jicho la binadamu linavyoweza kuona. Ya pili, mguu unaotangulia uwe umenyooka gotini tangu unapokanyaga mpaka mwili upite juu yake wima. Basi simama ujaribu. Goti halikunjwi, kuruka hakuruhusiwi, na bado unatakiwa uende kilomita moja kwa dakika nne kama wanavyokwenda mabingwa. Kasi hiyo haina pengine pa kutoka isipokuwa kiunoni, na kiuno cha mwanamume wa makamo, kikishaamua kufanya kazi hadharani, hakifichiki. Nilifikiria hata kuvaa kanzu, ambayo ingemzuia jaji kuliona goti, lakini nilipoijaribu uwani ilinifunga miguu na nikaangukia banda la kuku.

Mke wangu alinitazama asubuhi ya kwanza tangu mlangoni mpaka kwenye kona, na niliporudi aliniuliza kwa upole, "Baba watoto, kiuno hicho kakufundisha nani?" Jibu la kweli lilikuwa kwamba nimefundishwa na mwanamke wa Kikenya ndani ya simu, kwa hiyo nikaona bora ninyamaze.

Nilikuwa natoka baada ya sala ya alfajiri, nikishika barabara ya Wawi, mapaja yamebanana, viwiko vimekunjwa, uso umekunjamana kwa jitihada. Katika wiki ya pili nilikuwa napita mbele ya nyumba moja yenye mshelisheli mkubwa, na bibi mwenye nyumba alikuwa akifagia majani. Aliponiona aliutupa ufagio.

"Mwanangu! Pita, pita ndani, choo kipo uwani. Usione haya!"

"Shikamoo bibi. Ahsante, mimi nafanya mazoezi."

"Marahaba. Naelewa, mwanangu, mazoezi hayo sote yanatupata. Pita."

Alikwishachota maji katika kopo la bati na alikuwa amelinyoosha kwangu kwa mikono miwili. Yule ni umri wa bibi yangu mzaa mama, na mimi sikulelewa kumwachia mtu wa umri ule kopo likining'inia hewani. Nikaingia. Nikasimama ndani ya mabati manne, sina haja yoyote, nikisikiliza kuku, na baada ya muda ambao niliuona ni wa heshima nikamwaga maji taratibu ili asikie. Nilipotoka nikamwambia, "Ahsante bibi, nimepumua." Alimshukuru Mungu kwa sauti, akanikalisha kibarazani, akaniletea chai ya rangi na muhogo wa kuchemsha. Kilomita 10 nilizopanga kwa siku ile ziliishia kwenye ya tatu.

Siku ya pili kopo lilikuwa limejazwa tayari na kuwekwa juu ya ukuta, likinisubiri. Siku ya tatu nilijaribu kupita upande wa pili wa barabara, akamtuma mjukuu wake anivushe. Kabla mwezi haujaisha habari zilikuwa zimefika mbali. Dereva wa gari ya abiria alisimama akaniambia nipande anifikishe kwangu na nauli hataki. Mzee mmoja akanisimamisha kunielekeza namna ya kuchemsha majani ya mpera. Naamini mimi ndiye mchezaji pekee wa mchezo huu aliyekuwa na vituo vya huduma kwa njia nzima kabla hajashiriki shindano hata moja.

Nikaona hapana, watu lazima waelimishwe. Mwezi wa Novemba niliitisha kikao barazani, nikaazima simu yenye kioo kikubwa, nikawaonesha Robert Korzeniowski wa Poland, ambaye alifukuzwa na majaji Barcelona 1992 wakati anaingia uwanjani akiwa wa pili, kisha akarudi na kuchukua dhahabu nne za Olimpiki, moja Atlanta, mbili Sydney na moja Athens. Nikawaeleza habari za Jefferson Pérez, ambaye mwaka 1996 aliipatia Ekwado medali ya kwanza ya Olimpiki katika historia yake. "Nchi nzima?" akauliza kinyozi. Nikamwambia nchi nzima, tena kwa kutembea. Barazani pakawa kimya, na kutoka siku ile nikaitwa Kimataifa. Mjukuu wa bibi wa mshelisheli alikuwepo na alimpelekea bibi yake maelezo yote. Kesho yake kopo halikuwepo ukutani, na bibi alisimama mlangoni akinipigia makofi. Nilifurahi mno, kumbe ndio nilikuwa najichimbia.

Tarehe 1 Januari, kama ilivyo desturi ya Zanzibar, vikundi vya mazoezi hutoka kwa wingi kuufungua mwaka. Niliwaomba wenzangu wa kikundi kwamba safari hii tutembee kilomita 10 kwa kanuni za kimataifa, kwenda Wawi na kuzunguka mpaka tumalizie Gombani. Walikubali. Jaji akawa rafiki yangu fundi cherehani, kwa hoja kwamba hakuna mtu anayeyajua magoti ya wanaume wa mji huu kumshinda yeye. Majaji wa kweli hubeba kibao cha manjano cha kuonya, chenye alama ya wimbi kwa aliyeruka na alama ya pembe kwa aliyekunja goti. Fundi alichukua pepeo la ukili, akalipaka rangi ya manjano, upande mmoja akachora wimbi na upande wa pili pembe. Kadi nyekundu alizikata kwenye boksi la viatu. Kiongozi wa mazoezi aliwaambia watu wake, kama thelathini hivi, kwamba njia anaijua Kimataifa, kwa hiyo wao wamfuate yeye atakapopita.

Kosa langu nililifanya usiku wa kuamkia. Nilikuwa nimesoma kwamba wachezaji wakubwa hujaza mwili maji na chumvichumvi kabla ya shindano, nikapiga hesabu kwamba dafu lina vyote hivyo, nikanywa madafu sita. Kisha nikakumbuka kwamba misuli inataka maziwa, nikateremshia bakuli la maziwa ya mgando. Na kwa kuwa msimu wa maembe ulikuwa umepamba moto, sitaki kusema nilikula mangapi.

Mpaka kilomita ya 6 nilikuwa naongoza kwa mbali. Hapo tumbo likanong'ona. Mwanzoni nililichukulia kama hofu ya ushindi, lakini baada ya hatua mia mbili liliacha kunong'ona likazungumza. Nikajipa moyo kwa kumkumbuka Yohann Diniz wa Ufaransa, aliyeweka rekodi ya dunia ya kilomita 50 kwa saa 3:32:33 mwaka 2014, ambaye katika Olimpiki ya Rio 2016 tumbo lilimchafuka akiwa mbele, akaanguka, akasimama, na bado akamaliza ndani ya nane bora. Tofauti yetu ni kwamba Rio hakuna aliyekuwa akimjua mama mkwe wake.

Jambo la ajabu, ambalo fundi analieleza mpaka leo akipima suruali, ni kwamba sijawahi kutembea vizuri kama nilivyotembea katika kilomita ile. Siku ile sikuhitaji jaji wa kunikataza kuruka, kwa sababu kuruka ndilo jambo nililoliogopa kuliko yote duniani. Magoti yalinyooka kama mapau. Mapaja hayakupitisha hata unyasi. Pepeo lilibaki limeteremshwa, na nilimsikia fundi akimwambia mtu, "Tazama, huyu kesha iva!"

Nikauona mshelisheli. Nimewahi kuiona Bahari ya Hindi kutoka juu ya minara ya Ras Kigomasha na Unguja, lakini sijawahi kuona kitu kizuri kama mti ule. Bibi alikuwa kando ya barabara na wajukuu wote, wamevaa nguo za sikukuu, na mlango nyuma yao umefungwa kwa kufuli.

"Bibi," nikamwambia bila kusimama, maana kusimama ilikuwa hatari, "bibi, leo ni kweli."

Akacheka mpaka akajishika ubavu. "Nenda, mwanangu, nenda! Mie sidanganyiki tena, nimeshaelezwa. Huo ni mchezo!"

"Wallahi bibi, choo!"

"Mnamwona?" akawaambia wajukuu. "Mchezaji mkubwa, na bado anakumbuka kumtania bibi yake." Wote wakapiga makofi.

Hatua kama mia tatu mbele kuna msikiti, na vyoo vyake viko upande wa barabara. Nilikata kona bila kukunja goti, nikaingia, nikafunga komeo. Yaliyofuata ni baina yangu na Mola wangu, ila nilifumbua macho niliposikia vishindo. Kikundi kizima kilikuwa kimenifuata. Waliambiwa wamfuate Kimataifa atakapopita, na Kimataifa alipita pale. Kiongozi wao, kwa kuona mbele hapaendeki, aliona hiyo ni sehemu ya programu, akapuliza filimbi na kuwaamuru wanyooshe viungo. Kwa hiyo nilikaa nikisikia watu thelathini nje ya mlango wakihesabu kwa pamoja, "Moja! Mbili! Tatu! Nne!" kwa sauti ambayo haikunisaidia hata kidogo.

Kisha pakawa kimya, na nikasikia kikohozi cha fundi.

"Kimataifa, upo salama?"

"Nipo."

"Kanuni inasema mtembeaji anaweza kutoka njiani kwa idhini ya msimamizi na akiwa chini ya uangalizi wake. Wewe hukuomba idhini."

Nikamwambia kwamba sikupata nafasi ya kuandika barua. Akanijibu, kwa masikitiko ya kweli, kwamba sheria aliipokea kwangu mimi mwenyewe. Halafu nikaiona kadi nyekundu, ile ya boksi la viatu, ikipenya taratibu chini ya mlango. Kwa usahihi, kadi nyekundu ni ya goti au ya kuruka, si ya choo, na zinatakiwa tatu kutoka kwa majaji watatu tofauti, lakini sikuwa katika hali ya kukata rufaa. Mwaka 2000 pale Sydney, Bernardo Segura wa Meksiko alivuka mstari wa mwisho akiwa wa kwanza katika kilomita 20, na habari ya kufutwa kwake ikamkuta akizungumza kwa simu na rais wa nchi yake. Nimemhurumia mara nyingi, ila yeye angalau alikuwa amesimama.

Mshindi alikuwa kijana muuza samaki aliyekuwa amechelewa mwanzo na kwa hiyo hakumwona wa kumfuata.

Kesho yake jioni mlango wangu ulibishwa. Alikuwa mjukuu wa bibi wa mshelisheli, amebeba kopo jipya la plastiki lenye kifuniko.

"Bibi anakusalimu," alisema. "Kasema umsamehe, na mlango wa uwani sasa haufungwi. Ila ukipita umwambie mapema, ni kweli au ni mazoezi."